Nna Ferruja na Barabara ya Ighil Uzekri

Ndugu zetu wa Ighil Uzekri na wa Tala Ufella, wazee wa baraza, mama zangu mliojaa uani na wageni mliopanda kutoka bondeni, kwa niaba ya nyumba ya Ath Buzid nimesimama mimi Aljia, mtoto pekee wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yangu kabla hatujamtoa nje ya mlango wake. Wazee walinijia leo asubuhi, wakaniomba kwa upole kwamba nikisoma nisitaje jina la mtu fulani, kwa kuwa siku ya msiba si siku ya kufukua makaburi, nami niliwajibu kwa upole uleule kwamba mama bado hajazikwa, kwa hiyo hakuna kaburi ninalolifukua, na jina lile ni Larbi Ath Kasi, nimekwisha kulitaja, tuendelee.

Marehemu Nna Ferruja alizaliwa tarehe 11 Machi 1936 katika nyumba hiihii, mtoto wa tatu wa Akli Ath Buzid na Tasadit wa Tala Ufella, mwaka ambao barabara ilifika kijijini. Barabara hii ya mkoa, ambayo leo inaanzia darajani Asif Aberkan, inapanda kwa kona hadi hapa kwetu, inapita Tala Ufella na kuvuka mlima pale Tizi Uzru kabla ya kuteremka kwenye mashamba ya ngano ya kusini, wakati ule ilikuwa njia ya nyumbu, Mfaransa akataka iwe ya magari, na kaidi, chifu aliyewekwa na Mfaransa, akaagiza kila nyumba itoe mwanamume mmoja na punda mmoja. Babu Akli hakuwa na punda, akahesabiwa yeye mara mbili. Barabara ilichukua nusu ya shamba lake la mitini, ikamjaza kifuani vumbi la mawe, na tarehe 2 Februari 1944 ikamchukua mwenyewe, ndiyo maana mama alikuwa akisema kwamba njia ile ilianza kuila nyumba yetu kabla yeye hajaota magego.

Kuhusu elimu, marehemu hakuketi darasani utotoni, kwani shule iliyojengwa kando ya barabara mwaka 1939 ilikuwa ya wavulana, naye aliipita kila siku na mtungi wa maji mgongoni, akiwasikia wakikariri yale asiyoruhusiwa kuyajua. Herufi alizisoma akiwa na miaka thelathini, katika darasa la watu wazima, kwa sababu nitakayoieleza.

Tarehe 19 Septemba 1954 aliolewa na Mezyan, mtoto wa baba yake mkubwa, kijana mrefu, mcheshi, asiyejua kuimba na aliyeimba sana, ambaye alikuwa akifanya kazi katika genge lililokata mwamba kwenda Tizi Uzru. Katika genge hilo alikuwamo Larbi, jirani yetu wa mtaa wa chini, na miaka miwili kabla ya harusi baruti ilikuwa imemlipukia Larbi ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, wenzake wakakimbia, Mezyan akarudi, akafungua kilemba chake, akamfunga mkono, kisha akambeba mgongoni kutoka juu kule hadi darajani, maana gari halikuweza kupanda. Larbi alikula harusini kwetu, akacheza, akamwambia mama mbele ya watu wote, "Shemeji, huyu mumeo ni mkono wangu wa kushoto." Watu walicheka sana.

Vita vilipoanza, Mezyan alipeleka mkate na tini kavu kwa wapiganaji waliokuwa msituni, jambo ambalo karibu kila nyumba hapa ililifanya, na tofauti ilikuwa tu ni nani aliyekwenda kulisema. Tarehe 3 Juni 1958, asubuhi, askari waliwakusanya wanaume kwenye uwanja wa kupuria kando ya barabara, wanawake wakapanda juu ya dari kutazama, na kutoka kwenye gari la jeshi akashuka mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, mkono mmoja ameuficha ndani ya joho na mwingine anaonyeshea nao. Alimwonyesha Mezyan, kisha ndugu wawili wa Tala Ufella, Hammush na Yidir. Wakati huo upepo ulivuma kutoka bondeni, gunia likataka kumvuka, naye akainua upesi mkono wa pili kulishika, na mkono huo ulikuwa na vidole vitatu. Mama, mwenye mimba ya miezi mitatu, alisimama ukingoni mwa dari akaita kwa sauti yake yote, "Larbi wee! Kilemba umekisahau?"

Gunia likageuka.

Askari walimpiga mama kwa kitako cha bunduki, ndiyo alama ile mliyokuwa mkiiona kwenye shavu lake, na wale watatu wakateremshwa hadi kona ya kalavati, ambako barabara ilikuwa ikitengenezwa baada ya maporomoko. Milio ilisikika. Alasiri katapila lilinguruma pale pale, siku ambayo genge halikuitwa kazini, likasukuma mawe na udongo hadi jua likakaribia kuzama, na tangu siku ile hakuna aliyewaona Mezyan, Hammush wala Yidir. Mimi nilizaliwa tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, nikapewa jina la mama yake baba.

Uhuru ulipokuja, Larbi alikuwa amehamia Aljeri, na mwaka 1964 alirudi kijijini na cheti cha mpigania uhuru na mashahidi wawili ambao hakuna mtu hapa aliyewahi kuwaona. Mwaka 1966 jiwe la mashujaa lilisimamishwa kando ya barabara, Larbi akalizindua kwa hotuba, na katika hotuba hiyo akasema kwamba Mezyan Ath Buzid, kwa masikitiko yake, hakuuawa, alitorokea Ufaransa akiwaacha wenzake. Mama alirudi nyumbani. Wiki iliyofuata alijiandikisha darasani, kwa kuwa hakutaka kusomewa jiwe lile na mtu mwingine, na alipojua herufi alikwenda mwenyewe, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akakuta majina ya Hammush na Yidir, akakuta jina la Larbi chini kabisa kwa herufi kubwa kama mzinduzi, la mumewe halimo. Baadhi yenu mliokuwa watu wazima wakati ule mlimwambia mtoto wa miaka minane, ambaye ni mimi, kwamba baba yake yuko Marseille na mwanamke wa Kifaransa. Sitawataja. Mko hapa, mmekuja kuzika, na kahawa yetu mmeinywa.

Kikazi, marehemu alikuwa mpishi wa shule ya msingi tangu mwaka 1967 hadi alipostaafu 1996, akasifiwa kwa kuskusi yake na kuogopwa kwa mwiko wake, na watoto na wajukuu wa Larbi walikula mikononi mwake kama wengine, kipimo kilekile. Nna Wardia, mpishi mwenzake, alipomuuliza anawezaje, alimjibu, "Mimi sigombani na wanaonyonya, mimi namngoja mkubwa."

Mwaka 1972 serikali iliamua kutia lami, na mkandarasi aliyepewa kazi kutoka darajani hadi Tizi Uzru alikuwa Larbi Ath Kasi. Lami ilipofika kona ya kalavati, tarehe 8 Agosti, marehemu alisimama mbele ya gari la kushindilia, Larbi akaja mwenyewe amevaa miwani myeusi.

"Nna Ferruja, ondoka hapo, lami inapoa."

"Hapa chini kuna mtu."

"Hapa chini kuna mawe matupu."

"Basi yachimbe hayo mawe, niyaone, niende zangu jikoni."

Akacheka, akawaambia vibarua wake kwamba ujane umempanda kichwani, kisha akaita askari, mama akawekwa ndani siku mbili, na alipotoka lami ilikuwa imekauka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kona ile tena. Alikuwa akishuka sokoni kwa njia ya mbuzi, mvua na theluji, na wenye magari walipomwita wampakie aliwaambia, "Piteni nyinyi, mimi sitembei juu ya mume wangu."

Larbi alipata magari, akapata nyumba mbili Aljeri, akapata mshipi wa heshima wa kuvaa siku za sikukuu. Mama alipata miaka. Wapo waliomshauri amwachie Mungu, akawajibu kwamba Mungu amekwisha kumwachia yeye kazi hiyo, ndiyo maana anazeeka mtu yule.

Larbi alifariki Aljeri tarehe 14 Februari 2004, na wanawe wakaamua kumleta azikwe hapa, katika makaburi ya mashujaa, kwa bendera na msafara. Habari ilipofika marehemu alikuwa anakanda unga, akanawa mikono, akajifunga kiunoni futa yake ya harusi, kile kitambaa chenye michirizi myekundu na ya manjano, akachukua kigoda cha kukamulia mbuzi, akashuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na miwili alikanyaga kona ya kalavati, akaweka kigoda katikati ya lami, akaketi. Nilimfuata nikimsihi, akaniambia, "Aljia, kama umekuja kulia rudi, kama umekuja kukaa tafuta jiwe." Nikatafuta jiwe. Msafara ulipotokeza tulikuwa wanawake kama ishirini, na mataa ya magari yalituangaza usoni ingawa ilikuwa mchana.

Nasredin, mtoto mkubwa wa Larbi, alishuka garini, na amin, mkuu wa baraza la kijiji, Dda Arezki, akatangulia kusema.

"Nna Ferruja, maiti hana ugomvi na mtu, maiti ni wa Mungu."

"Na wangu ni wa nani, Dda Arezki? Wa idara ya barabara?"

Nasredin akasema baba yake ni shujaa wa taifa, na bendera hii hapa juu yake. Mama hakuinuka wala hakupandisha sauti.

"Mwanangu, wewe nimekulisha. Mfunue baba yako mkono wa kushoto, tuhesabu vidole. Kisha niambie aliyevikwa gunia alikuwa nani, na hapa nilipokaa kuna nani. Ukinijibu, nitainuka mwenyewe na nitatembea nyuma ya jeneza lake."

Nasredin aliinamisha macho kwenye lami. Kuinama kule ndiko kulikomfungua mdomo Nna Wardia, Mungu amrehemu, akasema kutoka nyuma, "Mkono ule na mimi niliuona. Nilikuwa dari ya pili." Mzee mmoja wa Tala Ufella akasema naye aliuona, na alinyamaza kwa sababu ya watoto wake, kisha mwingine akasema, na mwingine, wakisukumana maneno kama watu waliofungiwa chumba kimoja na mlango umefunguka. Dda Arezki alivua kofia, akamwambia Nasredin kwamba baraza halitampokea maiti huyu. Kona ile haina pa kugeuzia gari kubwa, kwa hiyo gari la maiti lilirudi kinyumenyume, kona baada ya kona, hadi darajani, bendera ikipigapiga kioo, na mama akalisindikiza kwa vigelegele kama harusini. Larbi alizikwa bondeni, katika makaburi ya wapita njia. Jioni ile mama alikula sahani mbili na kuomba ya tatu, na wanaosema kisasi hakishibishi hawakuwahi kukaa naye mezani siku hiyo.

Barabara ilipopanuliwa mwaka 2011, baraza lilikataa kona ya kalavati iguswe kabla ya kuchimbwa, na tarehe 5 Oktoba wakatolewa watu watatu, mmoja wao akiwa bado na kibati cha shaba cha genge la barabara chenye nambari ya Mezyan. Mezyan alizikwa siku ya tatu kwa heshima zote, jina likachongwa kwenye jiwe la mashujaa, na marehemu, akiwa na miaka sabini na mitano, aliomba jina la mzinduzi lifutwe, akaambiwa ombi litajadiliwa. Aliazima nyundo na tindo kwa fundi, akalijadili mwenyewe.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2018, akatibiwa nyumbani na baadaye hospitali ya mkoa, na huko Nasredin alimfuata na machungwa, akaketi pembeni ya kitanda, akasema, "Nna Ferruja, baba aliniambia kabla hajafa. Siku ile barabarani nilikuwa najua. Nakuomba unisamehe, na uniruhusu nimhamishe, nimlete alale kwao." Mama akamwambia, "Wewe, kwa kulisema, nenda salama. Yeye hapiti. Machungwa wape wauguzi." Alifariki hukohuko hospitali tarehe 9 Novemba 2021, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotuletea mkate na kuni, walimu na wapishi aliofanya kazi nao, vijana waliosafisha theluji barabarani ili apande nyumbani bila kutikiswa, na wazee wa baraza, hata kwa ombi lao la leo asubuhi. Nasredin, nakuona umesimama pale langoni, karibu, mama alikuruhusu, shika jeneza pamoja na wengine. Lakini nimesikia kwamba jana, kabla mwili haujapoa, watu wamekuuliza kama sasa njia imefunguka, nawe hukuwajibu, basi nawajibu mimi: njia ni ya serikali, apite mwenye ng'ombe, apite bwana harusi, apite na mgeni asiyejua habari zetu, ila baba yako hapiti, kigoda kiko kwangu, na magoti yangu bado ni mazima.

Lala na Mezyan wako, mama, juu yenu hapana lami, hapana gurudumu, pana udongo tu. Pumzika. Mimi nimekaa.