Mama Jiwe, Aliyeitoa Michoro Nje ya Lango

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mafundi mliofunga karakana zenu asubuhi ya leo: mama tunayemsindikiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo. Alikuwa wa nne kati ya watoto sita. Baba yake alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hicho, mama yake alifanya kazi chumba cha kufulia nguo hospitalini. Wazazi walimpa jina zuri, lakini wengi mliofika hapa mlimjua kama Mama Jiwe. Jina hilo hakupewa kwa ugumu wa moyo, ingawa mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, angeweza kutoa ushahidi wa hapa na pale.

Nyumba zile zililala na kuamka kwa mngurumo wa kiwanda. Mngurumo ukikatika, watoto walijua baba zao watarudi mapema, na watarudi wamenuna. Marehemu alipokuwa darasa la tatu, gia moja kubwa ilikatika meno, na kiwanda kizima kikanyamaza kungoja nyingine ije kwa meli. Siku zikaenda, sufuria zikawa nyepesi. Jioni moja akamuuliza baba yake kwa nini gia isitengenezwe hapahapa.

"Gia hutengenezwa na mashine, mwanangu, na mashine yenyewe iko kwao."

"Na mashine ya kutengeneza hiyo mashine?"

"Nayo iko kwao."

"Sasa sisi tuna nini?"

Baba akacheka. "Sisi tuna subira."

Binti yake hakuwa nayo, na hakuipata hadi uzeeni.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na ukuta wa kiwanda, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikokuwa hodari wa hesabu na balaa jikoni. Zamu yake ya kupika ikifika, wenzake walikula mapema kwa jirani. Mwaka 1976 alijiunga na chuo kikuu kusomea uhandisi wa mitambo, na baada ya kuhitimu akapelekwa ng'ambo miaka miwili kujifunza usanifu wa mashine za karakana. Aliporudi Juni 1982, mdogo wake alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, akanyanyua sanduku lake na nusura avunjike kiuno. Ofisa wa forodha akaamuru lifunguliwe. Ndani, katikati ya nguo, mlikuwa na jiwe jeusi la mraba, limesuguliwa likang'aa.

"Dada, umetoka na jiwe huko kote? Nchi hii haina mawe?"

"Yapo, kaka. Ila bado hakuna lililonyooka."

Lilikuwa jiwe la kupimia usawa wa vyuma. Kisa kile kilifika taasisi ya utafiti kabla yake mwenyewe, na aliporipoti kazini tarehe 1 Julai mwaka huo, mlinzi wa lango alimkaribisha: "Pita, Mama Jiwe." Alikuwa na miaka ishirini na mitano na hana mtoto, lakini jina likamkaa.

Taasisi ile wakati huo ilikuwa mahali pa utulivu mwingi. Ripoti zilipangwa vizuri kwenye makabati, na karakana ya nyuma ilikuwa na mashine za kigeni zilizofunikwa turubai zisiingie vumbi. Yeye alizifunua. Kwa miaka mitano, yeye na wenzake wanne walihangaika kuunda mashine ya kukereza chuma, ile inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikimenya kama chungwa. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba hiyo ndiyo mama wa mashine nyingine zote: aliye nayo anaweza kujitengenezea shafti, skrubu na vipuri, asiye nayo anangoja meli.

Mwaka 1987 mashine ikakamilika. Ilipakwa rangi ya kijani, ikapigwa picha na wakubwa, ikapelekwa kwenye karakana ya mzee mmoja mtengeneza vipuri, mtu asiyemung'unya maneno. Haukupita mwezi, mzee akapiga simu.

"Mama, mashine yako inaimba."

"Inaimba nini?"

"Inaimba vibaya."

Alikwenda akaikuta inatetemeka kama mgonjwa wa homa, na kila shafti iliyotoka hapo ilikuwa na mawimbi. Kosa lilikuwa kwenye kitanda cha mashine, lile tako zito la chuma linalobeba kila kitu: lilikuwa limejipinda. Hilo lingerekebishika. Kilichomuuma ni swali la yule mzee alipokuwa akinawa mikono: "Sasa ikiharibika tena na wewe umesafiri, nimwite nani?"

Hakukuwa na mtu wa kuitwa. Kila kipande kilikuwa kimetengenezwa ndani ya lango la taasisi, na nje ya lango hakuna aliyejua hata skrubu yake moja. Usiku ule alimwambia dada yake mkubwa maneno ambayo baadaye aliyarudia katika kila mkutano: "Tumetengeneza mashine ya kigeni nyumbani kwetu wenyewe."

Asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi na ombi ambalo halikuwahi kusikika pale. Michoro itolewe. Kiwanda cha kusubu chuma, kinachokiyeyusha na kukimimina, kipewe kitanda, karakana ya mtaani ipewe gia, mwingine apewe shafti. Taasisi ibaki kufundisha, kupima, na kukataa kibovu.

"Tukiwapa michoro, dada yangu, sisi tutabaki na nini?"

"Tutabaki na kazi ya mashine inayofuata, mkurugenzi."

"Na wakiharibu?"

"Wataharibu. Na sisi tuliharibu ya kwanza, tena kwa mshahara wa serikali, na hakuna aliyetufukuza."

Mkurugenzi, ambaye leo yupo nasi hapa na fimbo yake, alimpa mwaka mmoja. Mwaka ukipita bila mashine, michoro irudi kabatini na mhandisi arudi kwenye kuandika ripoti.

Mwaka ule ndio ulimpa pia mume. Kitanda cha mashine kilipewa kijana mwenye kiwanda cha kusubu alichorithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza mifuniko ya mitaro na vyuma vya madirisha. Kitanda cha kwanza kilitoka na matundu. Cha pili kikapasuka kikiwa bado cha moto. Marehemu alifika na gari la taasisi kulaumu.

"Chuma chako kimejaa matundu kama sifongo!"

"Na mchoro wako umeweka unene huku na wembamba huku. Chuma kikipoa hunywea, mama. Upande mmoja ukitangulia, lazima kipasuke."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi. Yeye akarudi kuchora upya kuta za kitanda. Kijana akaanza kuukausha mchanga wa kalibu zake za kumiminia chuma kwa kipimo badala ya kwa kuupapasa. Wakagombana juu ya mkaa, juu ya vyuma chakavu, juu ya saa za kufungua kalibu. Wafanyakazi wa tanuri ndio waliokuwa wa kwanza kung'amua: mhandisi aliyekuwa akija na gari kulaumu alianza kuja kwa miguu, na Jumamosi.

Oktoba 1988, kabla ya mwaka wa mkurugenzi kwisha, mashine ya pili ilifungwa katika karakana ya yule yule mzee wa vipuri. Watu walijaa hadi mlangoni: wasubu, wachonga gia, wahandisi wa taasisi na makoti yao meupe. Mzee alikereza shafti moja polepole, akaipima mwanzo, kati na mwisho. Akapima tena. Marehemu alisimama kando, mikono mfukoni, asimwangalie mtu. Mzee akaiweka shafti mezani.

"Hii haiimbi," akasema. "Nileteeni nyingine kama hii."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990. Mama mkwe, ambaye alikuwa amewasikia kiwandani, aliuliza kwa hofu kama wataishi kwa kugombana vile. Bibi harusi akamjibu: "Ugomvi wa chuma tumeumaliza, mama. Tumebakiza wa chumvi." Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume. Baba yao ndiye aliyepika.

Tusije tukapamba: mambo hayakunyooka yote. Karakana mbili alizozilea zilifilisika zikafungwa pale mashine za bei rahisi zilipofurika sokoni, na kuna mwaka taasisi ilikaribia kuvunjwa. Lakini alipostaafu mwaka 2017, mafundi wa miji minne walikuwa wakiunda mashine za kukereza, za kutoboa na za kukunja bati, na hakuna iliyouzwa kabla ya kupita maabara ya taasisi ikapimwa na kugongwa muhuri. Mapema zaidi, mwaka 1994, alimchukua baba yake, tayari mzee, akampeleka mtaa wa pili kutoka kiwanda cha nguo. Pale fundi mmoja alikuwa akikata gia kwa ajili ya kiwanda hicho. Mzee alipitisha kidole kwenye kila jino, akaomba kiti akae. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe neno moja tu: "Nimeiona."

Mwaka 2021 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa Parkinson. Ulimnyima kalamu, kisha kikombe, lakini haukumnyima ulimi. Wahandisi vijana walimtembelea mwisho wa wiki wakakaa kwenye mkeka kando ya kiti chake. Miongoni mwao alikuwa mwanamke anayeongoza sasa idara ya mashine pale taasisi, aliyekuja kueleza mashine mpya inayoendeshwa kwa kompyuta.

"Hiyo mimi siijui," marehemu akamwambia. "Nifundishe."

Akafundishwa mchana kutwa, akiuliza kama mwanafunzi, akikosea na kucheka. Mwishoni akauliza la kwake: "Michoro mmewapa wangapi?"

"Karakana sita, mama."

"Mbona wachache?"

Aprili mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa hospitali ya mkoa. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake mkubwa na huyu mdogo wake. Alikwisha kuonya kwamba mashine zisitajwe miongoni mwa watoto wake, maana wanawe wamezionea wivu vya kutosha. Tumemtii. Ila mafundi mmekuja wengi kuliko viti, na wengine hatuwajui hata kwa sura; mnaijua kazi yake kuliko sisi ndugu zake, na kesho asubuhi mtafungua tena karakana zenu muiendeleze.

Apumzike kwa amani. Kazi ina wenyewe.