Wasifu wa Bibi na Penseli Nyekundu

Benchi letu liko barazani mwa duka la cherehani, mkabala na posta. Watu wake wa kila asubuhi ni watatu: Sindano, fundi mwenye duka; Spika, dereva mstaafu asiyejua kunong'ona; na Kalamu, aliyesahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na bado huchomeka penseli nyekundu sikioni. Mimi wananiita Katibu, kwa kuwa kumbukumbu za ukoo wetu naziandika mimi. Asubuhi hiyo nilikuwa na ukurasa mmoja na shida moja. Kesho yake Bibi angetimiza miaka themanini, nami ndiye ningesoma wasifu wake mbele ya wanawe, wajukuu na wakwe. Baba Mkubwa, mwanawe wa kwanza, alikuwa ameniagiza: ile miaka kumi na mmoja aliyoimba kwenye ukumbi wa dansi, ifutwe yote.

— Kwani aliimba au aliua? akauliza Spika, hadi watu wa posta wakageuka.

— Wakwe watakuwepo, nikasema. Baba Mkubwa anasema si maadili.

— Ana haki yake, akasema Sindano, uzi mdomoni. Mimi nashona magauni. Mteja akisema funika bega, nafunika bega.

— Bega ni la mteja! Hapa bega ni la Bibi!

— Kaka, watoto watasikia.

— Watoto! Watoto wanaimba nyimbo ambazo zikipigwa mimi naangalia chini!

Kalamu akachomoa penseli yake.

— Lete hapa. Kazi ikifanywa, ifanywe kikamilifu. Ukumbi, nje. Akapiga mstari. Alikutana wapi na mumewe?

— Ukumbini. Babu alikuwa mpiga ngoma.

— Basi na kukutana nje. Watu wakisikia walikutana, watauliza wapi.

— Na ndoa? akauliza Sindano.

— Utaoaje mtu ambaye hujakutana naye? Nje. Kuhamia mtaani huku, alihamia na nani?

— Na mpiga ngoma, nikakiri.

— Nje. Na hawa watoto sita, baba yao nani?

— Mpiga ngoma! akadakia Spika, akijipiga paja. Futa, mzee, futa! Na mimi nifute, nilishawahi kucheza pale!

— Basi na cherehani yangu nayo ifungwe, akasema Sindano, naye sasa ameshanogewa. Ina mdundo.

— Na moyo je? akapaza Spika. Unadunda usiku na mchana bila kibali!

Muuza kahawa alikuwa akitujazia vikombe Baba Mkubwa alipotokea. Alikuja kuchukua koti lake la kesho. Akauona ukurasa gotini kwa Kalamu, akauchukua, akausoma. Hakuchelewa. Yalikuwa yamebaki maneno haya: Bibi alizaliwa. Ana miaka themanini.

— Na mimi? akauliza. Mimi mama yangu alinipata wapi?

Kalamu akairudisha penseli sikioni. Hata Spika aligeuka kutazama posta.

Baba Mkubwa akakaa mwisho wa benchi. Akapewa kikombe, akakishika bila kunywa.

— Alikuwa ananilaza nyuma ya ngoma kubwa, akasema hatimaye. Juu ya koti la baba. Ikipigwa, sisikii lolote. Ikinyamaza, ndipo naamka.

— Niandike, Baba Mkubwa?

— Andika. Andika yote aliyoyafanya yeye. Aliimba vizuri sana, wewe hukuwepo.

Kisha, kwa sauti ya chini, akatuambia jina ambalo wenzake shuleni walimwita kwa sababu ya ukumbi ule. Lilikuwa neno moja tu. Spika hakucheka.

— Hilo ni langu, mwanangu. Hilo usiliandike.

Kesho yake niliusoma wasifu mzima, Bibi akinisahihisha mara mbili kutoka kitini kwake, na wakwe wakamwomba aimbe. Lile neno halikuwamo, na hapa pia halimo.