Bi Kokoto, Mwandaaji wa Kuta

Ndugu waombolezaji, majirani, na mafundi mliokuja na nguo zenu za kazi kwa kuwa hamkupata nafasi ya kupita nyumbani, familia imetukabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Kokoto, na tunaomba mtuvumilie tukitaja na mambo ambayo kwa kawaida hayatajwi mbele ya jeneza, kwa sababu mwenyewe alituagiza akiwa na akili zake timamu, "Msinipambe. Semeni nilikuwa mwoga."

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa tatu na wa kike peke yake wa mpishi wa shule na mkewe aliyekuwa muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya jiko la shule hiyo, na hapo hapo akaanza darasa la kwanza Januari 1964, akawa mwepesi wa hesabu na mgumu wa kuamka. Alipokuwa darasa la tano wenzake walimfungia kwa mzaha katika stoo ya madawati mabovu, wakaenda zao, mvua ikanyesha, mzaha ukasahaulika, naye akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kwa kuwa wazazi wake walidhani amelala kwa shangazi na shangazi alidhani yuko nyumbani, akapatikana asubuhi baba alipofuata kuni humo. Toka siku hiyo mlango ukifungwa, hata wa chooni, aliukimbilia kuufungua, na jambo hilo halikumtoka hadi siku yake ya mwisho.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970, nafasi ya kuendelea haikupatikana, akapelekwa kwa mjomba wake, fundi aliyejifunzia ugenini ile lipu ya chokaa ya Kimoroko, inayosuguliwa kwa jiwe laini na sabuni ya mafuta ya zeituni mpaka ukuta unang'aa na maji yanateleza juu yake yasipate pa kupenya. Binti alipenda kumwokotea mjomba mawe ya kusugulia, akayajaza mifukoni, akitembea analia kama njuga, ndipo mafundi wakamwita Kokoto, na heshima ya Bi ikaja baadaye na mvi. Lakini mjomba hakumpa kusugua, alimpa kuandaa, akamwambia, "Kusugua kila mtu anataka, maana ndiko kunakosifiwa, ila lipu ikibanduka anayetukanwa ni aliyeandaa."

Kazi yenyewe ilikuwa kubandua rangi ya zamani na saruji yote hadi tofali lenyewe lionekane, kukwangua chumvi iliyochipuka kwa unyevu, kufukua viungo vilivyooza, kugonga kila mahali kwa fundo la kidole na kusikiliza, kisha kuuloweka ukuta mpaka ushibe, na kurusha lipu ya kwanza ya chokaa na mchanga mnene, iachwe na uso wa kukwaruza ili ile ya juu ipate pa kushika. Yote hayo aliyapenda, isipokuwa jambo moja, kwamba lipu hiyo haitaki jua wala upepo, hivyo madirisha na milango hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na fundi hubaki ndani akifanya kazi kwenye giza lenye harufu ya chokaa. Mjomba alipogundua kwamba binti anatapika kabla ya kuingia, hakumcheka wala hakumfukuza, alichukua kigoda akakaa nje ya gunia, na kila baada ya muda sauti ikatoka ndani, "Mjomba, upo?" naye akajibu, "Nipo, binti, wapi nitakwenda na goti hili?"

Tarehe 2 Septemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, aliyezoea kuwaambia wateja, "Mimi navisha watu, mwenzangu anavisha kuta, na wateja wake hawarudishi nguo kwamba inabana." Bwana huyo aling'oa mlango wa chumba chao mwenyewe, akashona pazia zito la kuuziba, na majirani waliposema kwamba nyumba ya fundi haina mlango, akawajibu kwamba afadhali nyumba isiyo na mlango kuliko mke asiye na usingizi. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza mwaka 1979, ambaye leo ni muuguzi, mtoto wa kiume mwaka 1983, na kitinda mimba mwaka 1988, aliyezaliwa mikononi mwa mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu, na mkunga huyo ndiye anayeingia sasa katika historia hii.

Mwaka 1994 tangi la zahanati, lililochimbwa chini ya ardhi na kugawanywa sehemu mbili kwa ukuta wa katikati, lilianza kuvuja, saruji yake ikapasuka kila ilipozibwa, na wazee wa zahanati wakaona lipakwe chokaa ya kusugua. Walimfuata Bi Kokoto mara mbili, akakataa mara mbili, kwa kuwa mdomo wa tangi ulikuwa wa kupita mtu mmoja kwa taabu, na alipouchungulia tu alilazimika kukaa chini. Mara ya tatu alikuja mkunga peke yake, akakaa, kisha akasema, "Sikulazimishi, dada. Ila jana nimemwosha mtoto mchanga kwa maji ya kunywa niliyoyabeba kutoka nyumbani kwangu." Alipoondoka, Bi Kokoto alimwambia mumewe amtafutie ngazi ndefu.

Sehemu moja ya tangi ilikaushwa, ya pili, ambayo mvua za siku hizo zilikuwa zimeijaza, ikaachwa na maji yake kwa sababu zahanati haiwezi kukaa bila maji, na katika ile iliyokaushwa akashuka na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi mwenzake na mtani wake, wakafunga jukwaa la mbao, wakaanza kubandua saruji ya ukuta wa katikati. Kazi ilikuwa imefika chini karibu na sakafu alipogonga kwa kidole kama desturi yake, na badala ya sauti kavu ya tofali akasikia sauti nzito, kama ya mtungi uliojaa, akaweka kiganja, ukuta ukawa unatetemeka kama shingo ya mnyama. Alisema taratibu, "Shemeji, panda. Saruji ndiyo iliyokuwa imeshika ukuta huu." Shemeji akamwambia, "Tangulia, nakusanya patasi."

Alitangulia, na kichwa chake kilikuwa kimeshatoka nje, ameshaona jua na viatu vya wagonjwa waliokuwa wakipita, ukuta ulipoachia chini. Maji yaliingia kwa kishindo, jukwaa likaanguka, mbao zikambana shemeji paja na kumlaza chali, na ndoo za chokaa zikapinduka, maji yote yakawa meupe. Mama yetu alisimama kwenye ngazi ile, nusu nje na nusu ndani, na alitusimulia mara nyingi kwamba hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kupanda ngazi moja zaidi, kwamba mikono yake ilikataa kuachia ukingo, akaibandua yeye mwenyewe kidole kimoja baada ya kingine kama anayebandua mikono ya mtu mwingine. Kisha akateremka.

Maji yalipanda hadi kiunoni pake yakatulia, yakiwa yamelingana na ya upande wa pili, lakini shemeji, aliyebanwa chali sakafuni, hakuweza kusimama, hivyo alimwinua mgongo akamshika kidevu, uso ukabaki juu ya maji, chokaa ikiwachoma macho wote wawili, akawa anamwita, "Shemeji, upo?" na shemeji akajibu mara ya kwanza, na ya pili, kisha akawa anakoroma tu, naye akaendelea kuita kana kwamba anajibiwa. Mkunga ndiye aliyesikia, akawakusanya mlinzi na ndugu wa wagonjwa, wakashusha kamba, vijana wawili wakaingia, mbao zikanyanyuliwa. Shemeji huyo yuko hapa, kwenye benchi la mbele, na mnaujua mguu wake anaouburuta. Watu walipomsifu Bi Kokoto kwa ushujaa aliwakatisha, akasema, "Ushujaa upi? Nilitetemeka mpaka nikadhani ni yeye anayetetemeka," na akawakumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, naye chaguo lake lilikuwa kicheko siku zote.

Miezi iliyofuata hakulala kitandani, alikaa kwenye pazia akitazama nje, na mumewe akikaa naye. Ukuta wa tangi ulipojengwa upya, mnene kuliko wa kwanza, na pande zote mbili zikakaushwa, alisema atamaliza alichoanza, na mumewe hakumbishia, alibeba cherehani lake akaliweka kando ya mdomo wa tangi, akashona hapo sare za wanafunzi kila siku ya kazi, ili mkewe aliye chini asikie mkanyagio ukienda na ajue kwamba juu kuna mtu. Maji ya tangi hilo ndiyo mliyonawia leo asubuhi.

Mumewe alifariki mwaka 2011. Mwaka 2019 kikohozi cha mama kilikataa dawa, na madaktari wakasema mapafu yamekakamaa kwa vumbi la miaka mingi ya kubandua kuta. Kilichomtesa zaidi haikuwa maumivu, ilikuwa kile kifuniko cha hewa cha usoni, ambacho alikiona kama mlango, akikivua kila tukigeuka. Wiki yake ya mwisho alimwambia binti yake muuguzi, "Naogopa," na binti, ambaye huwaambia wagonjwa wote wasiogope, alishindwa kumwambia hivyo mama yake, akasema, "Hata mimi naogopa, mama," akapanda kitandani akalala naye. Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023, mchana, mkono wake ukiwa umeshika blauzi ya binti yake kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliokubali mlango wake ubaki wazi kinyume cha utaratibu, majirani mliopokezana kukaa naye, mkunga mstaafu aliyekuja kwa mkongojo, na mafundi wenzake mliochimba kaburi kwa mikono yenu.

Sasa tumefika pale tulipopaogopa tangu Jumatatu. Jeneza liko wazi bado, kama mnavyoona, na kati yetu watoto hakuna aliyeweza kulifunika. Shemeji yake ameomba alifunike yeye, polepole, na ameomba tusiimbe kwanza, tukae karibu, tumwache azungumze naye.

Mama, tupo. Pumzika, na iwe kwa amani.