Bwana Muhtasari na Pendekezo Lililoachwa

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo, baba yetu na babu wa wajukuu tisa, ambaye wengi mlimwita Bwana Muhtasari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1954 hadi 1961, kisha akajifunza ukarani na kupiga chapa.

Tarehe 2 Januari 1966 aliajiriwa katika ofisi za bunge, tarehe 5 Juni 1971 akamwoa mama yetu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watano, na mwaka 1994 akateuliwa kuwa karani wa kamati iliyoandika katiba, akikaa pembeni ya meza ndefu, daftari gotini, maana kalamu yake ilisifiwa kwamba haiachi neno.

Mwaka 2016, baba akiwa ameshastaafu, binti wa jirani alifukuzwa shule kwa sababu alikuwa amejifungua, mama yake akaenda mahakamani, kwa kuwa katiba inasema kila mtoto ana haki ya kusoma, lakini wakili wa serikali akainua muhtasari wa vikao vya kamati ile, wenye sahihi ya marehemu, akasema walioandika katiba hawakuwafikiria kabisa wasichana kama hao. Baba aliposikia, chakula kilimshinda, kwa sababu walifikiriwa: mjumbe mmoja alipendekeza wasichana waliojifungua waondolewe kwenye haki hiyo, akashindwa kwa kura kumi na tisa kwa kumi na moja, ila kwa desturi ya ofisi pendekezo lililoshindwa halikuingizwa kwenye nakala safi, likabaki kwenye daftari lake la rasimu.

Alipoamua kulipeleka daftari hilo mahakamani, sisi watoto tulimsihi aache, asije akachafua jina lake uzeeni, mama peke yake akamwambia, "Mume wangu, jina lako limeshakula chumvi nyingi, la mtoto yule bado."

Tarehe 8 Septemba alisimama mbele ya majaji na daftari lake, wakili akamkejeli, "Mzee, miaka ishirini na miwili ulikuwa umelala?", naye akajibu, "Sikulala, mheshimiwa, niliandika nilivyofundishwa, na leo naona nilificha."

Majaji walilipokea daftari, wakaandika kwamba historia ni shahidi, si hakimu, na kwamba hata daftari lisingepatikana, maneno 'kila mtoto' katika katiba yangebaki na maana ya kila mtoto, wakaamuru binti arudi darasani. Baba aliisoma hukumu mara mbili, akacheka, "Kumbe nimejivua nguo bure!", kisha akasema afadhali bure kuliko kukaa kimya.

Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2018, akalazwa tarehe 20 Mei 2019, na akatutoka tarehe 26 Mei, saa tatu asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotupikia, na makarani wenzake, hasa wale walioacha kumsalimia tangu siku ile alipoianika mahakamani desturi ya ofisi yao, ambao leo asubuhi wamefika wa kwanza, wakaomba wao ndio wabebe jeneza.

Baba, umeeleweka, pumzika sasa kwa amani.