Bolti ya Nane ya Mzee Ladislaus Kinunda

Mzee wetu Ladislaus Kinunda alizaliwa Kigonsera tarehe 27 Juni 1953, mtoto wa tatu wa Mzee Joakim na Mama Benadetha, wakulima wa kahawa. Alichelewa kuzaliwa kwa majuma mawili. Bibi alikuwa akisema mtoto yule hakutaka kuharakishwa tangu tumboni, na kweli hakubadilika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kigonsera hadi darasa la saba mwaka 1967. Mwaka 1969 alipokelewa kwenye karakana ya misheni, akajifunza ufundi wa magari kwa Bruda Placidi. Mwaka wa kwanza wote alisugua kutu kwa brashi ya waya. Wenzake wawili walitoroka; yeye alibaki.

Mwaka 1974 alifungua gereji yake Mbinga mjini. Magari ya ziwani, yaliyozoea kuvuka mito na kulala kwenye matope, yalimjia yakiwa na bolti za springi zilizogandia kwa kutu ndani ya bushi zake za mpira. Mafundi wengine walitwanga kwa nyundo, au waliwasha gesi wakakata. Marehemu alisugua, akamwagia oili chafu iliyochanganywa na dizeli, akagongagonga ubavuni, akaenda zake kunywa chai. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya kufungua, aliikaza bolti kidogo kwanza, ndipo akailegeza. "Ishtuke, isiumie," alikuwa akisema. Wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Mwaka 1978 aliitwa Kihagara kutengeneza Landrova ya familia moja ya Kianglikana. Bolti moja ilimchukua siku tatu, na katika siku hizo akamfahamu binti wa nyumba ile, Hilda. Kaka yake Hilda, mjomba wetu Frederick, anaapa hadi leo kwamba bolti ile ililegea siku ya kwanza, shemeji akanyamaza. Walifunga ndoa tarehe 5 Mei 1979.

Sasa siwezi kuruka jambo ambalo nusu ya waombolezaji hapa wanalijua. Agosti 2012 Landrova ile ile ilikuwa gereji kwa marehemu, na shehena ya usipa, dagaa wa ziwani, ya mjomba Frederick ilikuwa inangoja ufukweni. Baba yetu alipokwenda kanisani, mjomba aliwasha gesi mwenyewe akate bolti iliyoganda. Bushi iliungua, na kishikio cha springi kwenye chasisi kikapasuka. Baba alimwambia mbele ya watu, "Usilete tena gari kwangu, wala wewe usije." Gari lilivutwa hadi Kihagara, likaachwa uani. Miaka kumi na miwili hawakusalimiana. Hata kwenye msiba wa bibi wa Kihagara kila mmoja alikaa upande wake. Mama aliumia sana, na sisi watoto tulikaa kimya. Tulikosea.

Oktoba 2024 madaktari walimwambia moyo wake umechoka, apumzike. Januari alipanda basi na sanduku lake la spana, akashuka Kihagara. Gari lilikuwa limebakiwa na bolti nane zilizoganda. Siku mbili alizimwagia oili, mjomba akimtazama kutoka barazani. Siku ya tatu alikwama, kwa maana bolti ya springi inataka watu wawili: mmoja ashike kichwa, mwingine azungushe nati. Akaita kutoka chini ya gari, "Shemeji, njoo unishikie."

"Nilidhani hutaniita tena, shemeji," mjomba akajibu, akaingia chini.

Katika majuma sita walitoa bolti saba, kwa mwendo wa Baba. Miguu ilipomvimba tulimrudisha Mbinga, ya nane ikiwa imebaki. Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tatu asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Mwambie shemeji asiwashe moto."

Mchana ule ule niliteremka Kihagara, kwa maana katika familia yetu taarifa ya msiba haipelekwi kwa shemeji kwa simu. Nilimkuta mjomba chini ya gari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

Akanitazama usoni, akajua. Hakutoka. Alininyooshea spana, akasema, "Ottilia, shika kichwa." Nikalala pale kwenye oili na khanga zangu za msiba, nikashika. Mjomba aliikaza kidogo kwanza, taratibu kabisa. Kisha ikalegea. Tuliitoa nzima, haina alama ya moto, tukalia wote wawili chini ya lile gari.

Marehemu ameacha mjane, Mama Hilda. Watoto wanne, yaani mimi Ottilia, Florian, Lidia na Romanus. Na wajukuu tisa. Ameacha pia shemeji yake, Frederick, ambaye mwaka jana tusingeliandika jina lake kwenye karatasi hii. Bolti ya nane anayo mkononi, na ameomba aiweke mwenyewe kaburini.

Baba, pumzika kwa amani, utungoje. Wewe unajua kungoja.