Fidahusein Tayabali, Aliyeosha Keris za Watu

Marehemu Fidahusein Tayabali alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, tarehe 4 Machi 1935, mtoto wa tatu wa fundi bati. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaingia karakana ya babake, akisugua masinia ya shaba mpaka mwenye sinia ajione ndevu.

Alimwoa Bi Rukaiya mwaka 1960. Februari 1968, milango ya Uingereza ikiwa karibu kufungwa kwa Waasia wa Afrika Mashariki, walifika London na masanduku mawili, wakakaa mtaa wa Edmonton. Huko alipata kazi ya kusafisha silaha za kale.

Mwaka 1974 Bi Sulastri, mjane kutoka Java, alimletea keris ya babu yake, jambia lenye makali ya mawimbi, ioshwe kwa ajili ya Muharram kama ilivyo desturi ya kwao. Marehemu aliipiga msasa na mafuta, ikang'aa kama kioo. Michoro ambayo mhunzi aliifua ndani ya chuma ikapotea.

"Nilisema uioshe, Bwana Fida," alisema yule mama. "Huyu ni mzee wetu. Umemfuta uso."

Tangu hapo kila Muharram Bi Sulastri alirudi nayo, na marehemu akaijaribu upya: maji ya ndimu, arseniki kidogo ya kutia chuma weusi ili michoro ionekane, kusubiri. Michoro ilirejea polepole, kutoka mpinini kuelekea nchani. Keris nyingi za watu na za makumbusho zilipita mikononi mwake zikatoka salama, lakini hii ndiyo iliyomchosha.

Bi Rukaiya alilalamika, "Ndimu zote zinaishia kwenye chuma! Na mchuzi wangu je?"

"Mchuzi utanisamehe, mama Mardhiya. Huyu mzee bado."

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2006. Desemba 2009, Muharram ilipoingia, mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Ncha ilibaki bila michoro, upana wa kidole. Akaomba apewe mwaka mmoja tena. Bi Sulastri akamshika mkono.

"Paache, kaka. Hapo ndipo pako."

Marehemu aliweka kitambaa chini, akaomba chai.

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 19 Januari 2010. Ameacha mjane, Bi Rukaiya, watoto, Mardhiya na Murtaza, wajukuu wanne, na Bi Sulastri, aliyeomba aandikwe miongoni mwa ndugu.

Mwenyezi Mungu ampokee na ampumzishe. Alikuwa amechoka.