Walubengo na Mechi za Hewani

Tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi, Mzee Japheth Walubengo anarudisha redio ya kituo chetu cha uokoaji hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi. Tumeikagua. Ndani ina maganda ya njugu.

Alianza kama tarishi wa baiskeli, akipeleka habari za moto na mafuriko hadi Kibera. Wakubwa husema moto mwingine ulizimika kabla hajafika, maana ilibidi asalimie kila kibanda njiani. Redio za mkononi zilipoletwa, nadhani aliyepumzika ni baiskeli.

Shida ni kwamba redio za Kibera hazisikiani zenyewe, bonde linazizuia. Kila ujumbe hupitia kwa opareta wa Kongo, naye huurudia wote wausikie. Akibonyeza kitufe kusema, hakuna mwingine anayeweza kuingia. Kazi hiyo ilitaka mtu mkimya. Tukapewa Walubengo.

Kila Ingwe, timu yake ya mpira, ilipocheza, alifungulia redio ya mezani kisha akatutangazia mechi nzima hewani. Msimamizi wetu, Bi. Syombua, alimkanya mara mbili, akaapa kwamba ya tatu angemfukuza. Mzee alijitetea eti kila mpira unaposimama yeye huachilia kitufe, asikilize kama kuna mwenye shida. Nani angeamini hiyo? Na mimi, ambaye hata kusema "niko hapa" hewani naona haya, nakiri kwamba sisi vijana wa zamu Jumapili tuliwasha redio kwa sababu ya mpira, si wajibu.

Mvua za El Niño zikaja. Jumapili moja Ingwe walikuwa Kisumu wakicheza na mahasimu wao, Gor, sare ya moja kwa moja, wakapewa penalti. Mpira ukawekwa chini. Mzee akaachilia kitufe, na sauti ya Aoko, mwenzetu wa kijiji cha Raila kule Kibera, ikaingia.

"Walu, wachana na mpira. Ukuta umeangukia Aluoch na mtoto wake. Maji yanapanda."

Safari hiyo hakusalimia mtu. Alizima redio ya mezani, akarudia ujumbe mpaka kila mmoja akaitikia. Tonny na Billy, waliokuwa Laini Saba, huko huko Kibera, wakingojea penalti, walitoka mbio na majembe. Walimkuta Aluoch maji yamemfika kidevuni, amemwinua mtoto juu. Wakawatoa wote wawili, wazima.

Kesho yake Bi. Syombua alimkaripia Mzee kwa ile mechi, halafu akamtilia chai kwa mkono wake mwenyewe. Matokeo ya penalti Mzee aliambiwa na muuza maziwa. Hakuyapenda.

Asante, Mzee wetu. Uzeeni ukale vizuri, ulale bila kuamshwa na mtu, na magoti yako yapate nguvu. Utayahitaji leo, kwa sababu Aluoch anakuja na mtoto, na mtoto amesema atakaa mapajani pako. Amevalishwa jezi ya Gor. Itabidi umpakate hivyo hivyo.